Muulize Daktari wa Kuku: Joto la kaskazi na pakiti ya vitamini ya saa 7 mchana

Tangu upepo wa kaskazi uanze kuvuma, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zina swali moja: kuku wa nyama wanakufa mchana, niwape kirutubisho gani? Nimechagua barua ya mama mmoja wa Chanika niijibu kwa kirefu, kwa sababu ameandika tarakimu zake zote, na tarakimu hizo zinasema mengi kuliko alivyodhani. Wasomaji wengine watatu nimewajibu chini, kwa kifupi.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafuga broila nyuma ya nyumba huku Chanika, Dar es Salaam. Banda langu ni mita 5 kwa 6, limeezekwa bati, ukuta wa tofali mpaka kiunoni, juu yake wavu. Wavu nimeuziba kwa viroba tangu vifaranga walipoingia, kwa ajili ya baridi ya usiku na vibaka. Safari hii niliingiza vifaranga 330, siku ya 33 nikawa nao 321, wazito, na mnunuzi aliahidi kuja Ijumaa. Jumanne nilitoka saa 1 asubuhi kwenda kazini, nikawajazia maji drinka 4 za lita 10 na kuwaachia chakula cha kutosha. Saa 7 mchana kijana wangu akanipigia simu: kuku wanahema midomo wazi, wengine wamelala wametanua mabawa. Nikamwambia awatilie ile pakiti ya vitamini na chumvichumvi kwenye maji. Hadi saa 11 jioni walikuwa wamekufa 47, tena majogoo makubwa makubwa. Usiku hakufa hata mmoja. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo aliniambia dozi ilikuwa ndogo, niiongeze mara mbili, akaniuzia na unga wa oksitetrasaiklini wenye vitamini, eti wa kuwapa nguvu. Maji ninayotumia ni ya kisima kirefu, yana chumvi kidogo. Naomba uniambie, kirutubisho kipi ndicho bora?

Mama wa Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuku 47 waliobakiza siku tatu kwenda sokoni ni faida yote ya kundi, na pengine na sehemu ya mtaji. Najua kufikia siku utakayosoma hapa wale 274 waliobaki watakuwa wameshauzwa, kwa hiyo naandika kwa ajili ya kundi lako lijalo.

Kwa ulivyoeleza, kuku wako waliuawa na joto. Ugonjwa wa mdondo hauji saa 7 ukaondoka saa 11, na wala hauchagui wakubwa. Joto ndilo linaloanza na wazito, kwa sababu mwili mkubwa unatengeneza joto jingi na unalitoa kwa shida. Safari nyingine ukiwa na mashaka, pasua mmoja aliyekufa muda huohuo: nyama ya kidari inakuwa imepauka kama iliyochemshwa kidogo, na gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, mara nyingi limejaa chakula. Kumbuka hilo gole, nitalirudia.

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 na nusu, na likivuka 45 ni wa kufa. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi yake, anatanua mabawa na joto linatoka lenyewe. Hewa ikipanda kuzidi nyuzi 30, hasa huku kwetu pwani ambako hewa imejaa unyevu, anabaki na njia moja: kutweta. Anapitisha hewa haraka haraka kooni ili maji yakauke humo na kuondoka na joto. Lakini kutweta kuna gharama. Hewa ukaa inatoka mwilini kupita kiasi, damu inapungua asidi, na figo zinajaribu kurudisha mizani kwa kutupa baikaboneti, chumvi inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo. Baikaboneti haiondoki peke yake, inavuta potasiamu na sodiamu. Ndiyo maana kinyesi cha kuku aliyeshikwa na joto kinakuwa maji matupu.

Hapo ndipo kirutubisho kinapoingia, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapopotoshwa. Ile pakiti haimpoozi kuku. Inamrudishia anachopoteza wakati anajipoza mwenyewe. Na ili imrudishie, lazima anywe.

Sasa twende kwenye hesabu yako. Broila wa siku 33 anakula kama gramu 160 kwa siku, na hali ya hewa ikiwa nzuri anakunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula alichokula. Kwa kuku 321 hizo ni lita 100 na ushee. Siku ya joto kali kiasi hicho kinapanda mara mbili, hata zaidi. Wewe uliwaachia lita 40. Muulize kijana wako, bila kumgombeza, drinka zilikuwa na maji kiasi gani ilipofika saa 5. Pakiti aliyoitia saa 7 ilikuta kuku waliokwisha kaa na kiu kwa muda mrefu, damu yao imeshaharibika, na wengi hawana tena nguvu ya kusimama na kwenda kwenye drinka. Ungeongeza dozi mara mbili, mara tatu, wangekufa walewale.

Nalisema hili kwa uchungu, maana liliwahi kunipata. Mwaka wa kwanza nilipoanza kufuga mwenyewe, Kibaha, nilikuwa tayari na shahada yangu ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mfukoni. Nilichanganya vitamini C na chumvichumvi vizuri kabisa, kwa mizani, tangu asubuhi. Tanki langu lilikuwa lile jeusi la plastiki, juu ya mnara wa mbao, juani. Saa 8 mchana kuku wakaanza kuanguka. Nikachovya kipimajoto kwenye drinka: nyuzi 38. Kuku walikuwa wamezunguka drinka, midomo wazi, hawanywi. Jogoo mmoja alitia mdomo, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Nikakimbilia jikoni, nikachota maji ya mtungi, nikayamimina kwenye sinia mbele yake. Alichovya, akainua shingo, akachovya tena. Nilimhesabia mara 20 kabla hajapumzika. Yeye alipona. Siku ile nilipoteza 60 waliokuwa na vitamini zote zilizotakiwa ndani ya maji wasiyoweza kuyanywa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia maji. Tanki lisogeze kivulini, au lijengee kibanda cha makuti. Bomba linalopita juu ya ardhi lifukie au lifunike. Kwa kundi kama lako weka drinka 7 au 8 za lita 10, na mtu wa kuzijaza tena saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10. Saa 7 amwage maji yaliyopata moto, atie mapya. Majirani zako wanauza barafu za mifuko; kipande kimoja ndani ya drinka, au chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyogandishwa ikaelea humo, kitafanya kazi ambayo hakuna unga utakaoifanya.

Halafu toa viroba. Vifaranga wa wiki mbili za kwanza wanahitaji kuzibiwa, lakini kuku wa siku 33 nyuma ya viroba, chini ya bati, wako ndani ya chungu kilichofunikwa. Usiku wa Februari Dar hauna baridi ya kumdhuru kuku wa kilo mbili. Vibaka wazuie kwa wavu mgumu na kufuli. Hata ukuta wako wa kiunoni ni mrefu mno kwa pwani: kuku analala chini, upepo unapita juu ya kichwa chake. Ungeishia tofali mbili. Sikuambii ubomoe, ila upande wa kaskazini na wa kusini chomoa tofali moja moja kwenye mstari wa chini, uache nafasi kati ya tundu na tundu, uzibe kwa wavu. Juu ya bati tandaza makuti, au lipake chokaa nyeupe. Na kwa kundi la kiangazi usizidishe kuku 8 kwa mita moja ya mraba. Banda lako ni mita 30, kwa hiyo ni 240. Najua ni vigumu kusikia hivyo wakati bei ya kuku iko juu, lakini mwishowe uliuza 274 kwa gharama ya kulisha 321.

Sasa kirutubisho, maana ndicho ulichokiuliza, nami sisemi hakina kazi. Kina kazi kubwa kikitangulia joto.

Cha kwanza ni baikaboneti ya soda, ileile ya kuumulia keki. Inarudisha kile ambacho figo zinatupa, na inamfanya kuku anywe zaidi. Kipimo ni gramu 1 kwa lita ya maji: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5, basi kijiko kimoja kwa lita 5. Usivuke gramu 2 kwa lita. Hamira si baikaboneti. Magadi nayo si baikaboneti, ingawa wapo wanaoyatumia kwa sababu ni rahisi. Magadi ya ziwani yana floridi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia kwa watu wa kaskazini, na hayana kipimo kinachojulikana. Usiwape kuku.

Lakini wewe, mama wa Chanika, simama hapo kwanza. Umesema maji yako yana chumvi. Nakuomba sana uyapime kabla ya kuongeza sodiamu yoyote. Maabara ya maji itakufanyia, na vipo vipimo vidogo vya mkononi mfano wa kalamu vinavyoonyesha papo hapo. Chumvichumvi zikiwa chini ya miligramu 1,000 kwa lita, endelea na baikaboneti bila hofu. Kati ya 1,000 na 3,000 kinyesi kinaanza kuwa majimaji hata bila joto. Zikizidi 3,000, maji hayo hayafai kutegemewa kwa broila, na kuyaongezea pakiti ya chumvichumvi ni kumzidishia mgonjwa ugonjwa: maranda yanalowa, amonia inapanda, macho yanawasha, na kuku aliyekuwa anashindwa kupumua kwa joto sasa anashindwa na kwa hewa chafu. Visima virefu vingi vya Dar viko hivyo, na katika miaka yangu yote sijakutana na muuzaji wa pakiti aliyemuuliza mteja maji yake yanatoka wapi.

Kwa maji ya chumvi, tumia kloridi ya potasiamu badala yake, gramu 1 hadi 1 na nusu kwa lita. Potasiamu ndiyo inayopotea sana kwenye mkojo wa kuku anayetweta, na haikuongezei sodiamu. Nunua ile ya kulishia mifugo. Mbolea ya potasiamu ina jina hilohilo lakini haikusafishwa kwa ajili ya mdomo wa mnyama. Au changanya maji ya kisima nusu kwa nusu na ya bomba au ya mvua, halafu ndiyo utie baikaboneti.

Cha pili ni vitamini C. Kuku si kama sisi, anatengeneza vitamini C yake mwenyewe kwenye figo, na siku za kawaida inamtosha. Joto likimkaza anaitumia haraka kuliko anavyoitengeneza. Kiasi kinachotumika ni miligramu 250 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 12 na nusu za vitamini C safi kwa mfuko wa kilo 50. Ukiitia kwenye maji, miligramu 150 kwa lita zinatosha. Soma nyuma ya pakiti imeandikwa gramu ngapi za vitamini C kwa kila kilo ya unga. Hapo ndipo utakapojua umenunua vitamini au umenunua sukari iliyotiwa rangi. Na vitamini C haidumu: jua, klorini ya bomba na chombo cha chuma kilichoshika kutu vinaiua. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kiasi watakachomaliza ndani ya saa tatu, kisha changanya upya.

Cha tatu ni betaini, kilo 1 kwa tani ya chakula, sawa na gramu 50 kwa mfuko wa kilo 50. Hiyo inasaidia chembe za mwili kushikilia maji zisinyauke. Haiharibiki haraka, na kwa mtu kama wewe anayekwenda kazini ndiyo ningeipenda kuliko zote, kwa sababu inakaa ndani ya chakula na haimsubiri mtu kuchanganya. Kuna na vitamini E na seleniamu, zinalinda chembe zisiungue. Kwa seleniamu ndiyo nataka umwambie yule muuzaji: inayohitajika ni sehemu ndogo mno, miligramu 0.3 kwa kilo ya chakula, na nafasi kati ya kufaa na kuwa sumu ni nyembamba. Mtu hasemi tu "ongeza mara mbili."

Saa za kutoa. Siku mbili tatu kabla ya joto, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatoka kila siku, anza saa 12 asubuhi, kuku wakiwa wamepoa na wana hamu ya maji. Endelea hadi saa 11 jioni. Usiku wape maji matupu wasafishe figo. Siku ya chanjo ya maji usichanganye kitu kingine chochote. Osha drinka kila jioni, kwa sababu pakiti nyingi zina sukari, na sukari kwenye joto inaotesha utelezi ndani ya saa chache. Ukikuta huna chochote ila ORS ya watoto, pakiti moja ya lita moja iyeyushe kwenye lita 5, si kwenye lita moja. Kwa mtoto wa binadamu chumvi yake ni sawa, kwa kuku ni nyingi.

Na lile gole lililojaa. Kumeng'enya chakula kunatengeneza joto, na joto hilo linafika kileleni saa chache baada ya kula. Kuku wako walikula asubuhi nzima mbele ya vyombo vilivyojaa, moto wa tumboni ukakutana na moto wa bati saa 8. Siku za joto kali nyanyua vyombo vya chakula saa 4 asubuhi, virudishe saa 11 jioni. Vikirudi viwe vingi wasikanyagane. Washa taa saa 9 usiku wale mpaka kunapambazuka, watafidia wenyewe. Maji hayanyanyuliwi hata dakika moja.

Kuhusu oksitetrasaiklini sitapindisha maneno. Hiyo ni antibiotiki. Inatibu bakteria, na kuku wako hawakuwa na bakteria, walikuwa na joto. Vitamini zilizochanganywa humo hazibadilishi jina lake. Ungewapa Jumatano na kuwauza Ijumaa, dawa ingekuwa ndani ya nyama iliyofika kwenye sahani za watoto wa watu, na bakteria wa bandani mwako wangejifunza kuizoea, ili siku utakayokuwa na ugonjwa wa kweli isikufae. Rudisha ule unga. Akikataa kurudisha fedha, uweke mpaka siku daktari atakapokuandikia.

SWALI: Daktari, hapa Kisauni, Mombasa, wengi tunakamua ndimu kwenye maji ya kuku kwa ajili ya vitamini C, na joto likizidi tunaponda Panadol. Je, ni sawa?

JIBU: Ndimu tuifanyie hesabu. Mililita 100 za maji ya ndimu zina kama miligramu 30 za vitamini C. Ili ufikishe miligramu 150 kwa lita niliyoitaja juu, utahitaji nusu ya kila lita ya maji ya kunywa iwe ndimu tupu. Hakuna kuku atakayekunywa uchachu huo. Na zile ndimu tano mnazokamua kwenye ndoo ya lita 20 hazimdhuru kuku wala hazimsaidii. Shida yangu ni kwamba mfugaji anaona ameshafanya jambo, anaondoka.

Panadol acheni kabisa. Dawa ya homa hushusha joto pale ubongo wenyewe ulipoamua kulipandisha kwa sababu ya ugonjwa. Kuku wa saa 8 mchana hana homa. Ubongo wake unafanya kila uwezalo kumpoza, ila joto la nje limemshinda. Hakuna cha kushushwa hapo. Kama kuku walioanguka ni wachache, kuna jambo la mikono linalookoa: mchukue taratibu, mtumbukize kwenye ndoo ya maji ya baridi mpaka shingoni, kichwa nje, kwa dakika moja, halafu mweke kivulini penye upepo. Nimeona kuku niliodhani wamekufa wakisimama baada ya robo saa.

SWALI: Nafuga Dodoma. Rafiki yangu wa Tanga alinikataza kunyunyiza maji bandani wakati wa joto, anasema yanaua. Mimi nimekuwa nikilowesha magunia kila mwaka na sioni madhara. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili, kila mtu kwao. Kupoa kwa maji kunatokana na maji kukauka. Dodoma ya Oktoba na Novemba hewa ni kavu, gunia lililoloweshwa na kutundikwa upande upepo unakotoka linakauka haraka na hewa inaingia bandani imepoa. Endelea nalo. Tanga hewa imeshajaa unyevu. Ukinyunyiza huko maji hayakauki, unabaki na banda la mvuke, na kuku anayetweta hawezi tena kukausha chochote kooni. Hata wewe, yatundike magunia yasizibe dirisha zima, na usiloweshe maranda.

SWALI: Shikamoo daktari. Nachanganya chakula mwenyewe hapa Tanga. Nimesikia kuwa kuongeza mafuta kwenye finisha (chakula cha kumalizia) kunasaidia wakati wa joto, lakini mafuta si ndiyo yanayotia joto mwilini? Pia nina dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo) ninayoitia kwenye chakula kuanzia stata (chakula cha kuanzia) mpaka mwisho.

JIBU: Marahaba. Swali lako la mafuta ni zuri, na wengi wanalikosea. Mafuta yana nguvu nyingi, lakini kuyameng'enya kunatoa joto dogo kuliko kumeng'enya mahindi au mashudu ya kiasi hichohicho cha nguvu. Kuku anayekula kidogo kwa sababu ya joto anapata nguvu yake ndani ya tonge dogo. Kilo 1 ya mafuta ya alizeti kwa mfuko wa kilo 50 inatosha. Yaondolee mahindi nafasi, usiyaondolee dagaa wala premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Changanya cha siku tatu tu, kwa sababu mafuta kwenye joto la Tanga yanachacha, na mafuta yaliyochacha yanakula vitamini E uliyoinunua kwa fedha. Protini pia usiizidishe kwa kudhani unawaharakisha. Ile inayobaki bila kutumika mwili unaichoma, na inatoka kama joto na asidi ya yuriki inayogeuka amonia kwenye maranda. Ni afadhali protini ya wastani yenye laisini na methionini, vile viungo vinavyojenga protini, za kutosha.

Kuhusu dawa ya koksidia, nenda kaangalie lebo leo. Ikiwa imeandikwa nikarbazini, usiipeleke kwenye finisha wakati wa kiangazi. Inafanya kazi yake vizuri kwa vifaranga, lakini kwa kuku wakubwa inawapunguzia uwezo wa kuvumilia joto, na imejulikana kwa miaka mingi kuongeza vifo siku za jua kali. Kuna dawa nyingine za koksidia za kumalizia. Mwombe daktari wa mifugo wa wilaya akuandikie, na umuulize kila moja inasimamishwa siku ngapi kabla ya kuchinja. Mfuko wa finisha uliokwisha uchanganya na nikarbazini usiumwage. Ikiwa kuku wako hawajafika wiki ya tatu, wakati bado wanapenda joto, wape uwamalizie sasa, na mfuko unaofuata uanze bila hiyo dawa.